Mgonjwa wa meno na aseme kabla ya kupanua kinywa

Katika aina nyingi za matibabu mgonjwa hubaki na ulimi wake. Anayefungwa mguu husema ni wapi panapomuuma. Anayepimwa macho huulizwa herufi anazoziona, naye hujibu. Mgonjwa wa meno hana bahati hiyo. Hulazwa kitini, akapanua kinywa, akatiwa pamba, kioo na mrija wa kufyonza mate, na tangu dakika hiyo lugha yake huwa ni kuguna na kukunja uso. Lolote alilotaka kujua au kueleza ni sharti liwe limesemwa kabla. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na ninaiandika kama mtu wa lugha kwa sababu naamini kwamba Wakenya wengi hupoteza meno yao kwa kukosa maneno.

Mimi hupita Dagoretti Corner karibu kila siku. Hapo ndipo Barabara ya Naivasha inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong na kuelekea Kawangware, karibu na makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Ni pahali pa watu wa kila tabaka: mafundi wa samani waliopanga vitanda na makochi yao kandokando ya barabara, akina mama wauzao mboga, utingo wa matatu za Ngong nambari 111, makarani na wanafunzi. Lugha itawalayo hapo ni Kiswahili, kikiwa kimechanganyika na Sheng, Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo. Lakini hebu inua macho uvitazame vibao vya kliniki za meno vilivyotundikwa kwenye orofa za majengo ya barabara hii. Aghalabu orodha ya huduma imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa istilahi ambazo hata aliyehitimu shule ya upili huzipita bila kuzielewa. Anachofahamu mpita njia ni ile picha ya jino jeupe tu.

Si ajabu basi kwamba tendo la pekee ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina ni kung'oa. Na hapa yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili hulizungumzia jino kama mmea. Jino huota, lina mzizi, huoza kama tunda, na mwishowe hung'olewa, kitenzi kile kile tunachokitumia kwa magugu na visiki. Sitiari hii ni nzuri, ila ina hila ndani yake. Mkulima akiona mche umeoza, huung'oa akapanda mwingine. Jino la mtoto lina badala yake: meno ya utotoni ni 20, nayo huanza kuyapisha meno ya ukubwani mtoto afikapo takriban miaka 6. Haya ya ukubwani, ambayo hufika 32 yakitimia yote, hayana mbegu ya pili.

Isitoshe, kung'oa kuna historia ndefu miongoni mwetu. Wajaluo wa zamani waliwang'oa vijana wao meno 6 ya mbele ya chini, na Wamaasai nao wana desturi inayokaribiana na hiyo. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki wamekuwako pia watu wanaopasua fizi za watoto wachanga ili kuondoa kile wanachokiita meno ya plastiki au ya nailoni, wakidai kwamba ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, ilhali wanachokitoa ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto. Ukiongeza uhaba wa fedha na umbali wa hospitali, utaelewa kwa nini mtu akisema anakwenda kwa daktari wa meno, majirani humpa pole kana kwamba jino limekwisha kuondoka.

Fundi mmoja wa vitanda ambaye tumezoeana alinisimulia mambo yaliyomfika. Gego lilimsumbua kwa majuma mawili, akaenda katika kliniki ambayo sitaitaja. Aliulizwa kwa Kiingereza kama alitaka jino lishughulikiwe kwa njia hii au ile. Yeye hakulielewa swali, lakini aliona aibu kusema hivyo mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, akaitikia kwa kichwa. Alitoka na pengo. Nilipomweleza baadaye kwamba huenda aliulizwa achague baina ya kung'oa na kutibu mzizi, alinitazama akasema, "Kumbe kulikuwa na njia mbili, mwalimu?" Siwezi kudai kwamba jino lile lingeokoka. Ninachosema ni kwamba mwenye jino hakuwa katika mazungumzo yaliyoamua hatima yake.

Sheria ya nchi haikubali jambo hilo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake ya afya, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Kisha inaongeza jambo ambalo sisi wapenzi wa lugha tungepaswa kulitangaza juu ya mapaa: kwamba maelezo hayo, pale inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kwa hiyo mgonjwa anayesema, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," haombi hisani. Anadai haki yake.

Lakini haki haina faida kwa asiyejua la kuuliza. Tuyapitie basi matendo makuu ya daktari wa meno, tukiyaita kwa majina yetu.

La kwanza ni uchunguzi. Jino lina taji, yaani sehemu inayoonekana, na mzizi uliofichika ndani ya ufizi na mfupa wa taya. Taji limefunikwa kwa gamba ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake mna tabaka lisilokuwa gumu kiasi hicho. Na ndani kabisa mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wa kinywani hula sukari wakatoa asidi, na asidi hiyo huliyeyusha gamba hatua kwa hatua. Hakuna mdudu anayetoboa, kama tulivyoambiwa utotoni. Kwa kuwa gamba halina mishipa ya fahamu, uozo unapoanza hauumi. Maumivu makali aghalabu ni dalili kwamba uozo umekikaribia kiini au umekwisha kukifikia. Ndiyo maana daktari hutumia kioo na kichokonoo chembamba, na mara nyingi hupiga picha ya eksirei, ili aone yale ambayo jicho halifikii.

La pili ni kusafisha. Tunalo neno zuri, ukoga, yaani utando unaoganda kwenye meno. Usipoondolewa kwa mswaki, utando huo hugeuka mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauufui dafu. Daktari huubandua kwa chombo kinachotetema upesi huku kikirusha maji. Wapo wasemao kwamba kusafisha hulegeza meno na kuyaachanisha. La hasha! Ukoga wa miaka mingi huwa umejaza nafasi baina ya meno ambayo fizi zake zimekwisha kunywea. Ukiondolewa, mwenyewe huona nafasi iliyokuwapo siku zote. Fizi zinazovuja damu wakati wa kupiga mswaki zinaomba kusafishwa, wala si kuachwa zipumzike. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote waliochunguzwa walikuwa na fizi zinazovuja damu, na kwamba takriban mmoja kati ya watatu alikuwa na meno yaliyooza.

La tatu ni kuziba. Tendo hili hufaa iwapo uozo haujafika kwenye kiini. Daktari huondoa sehemu iliyooza, akalisafisha tundu, kisha akalijaza. Kijazo cha rangi ya fedha huitwa amalgamu, nacho kina zebaki. Ni imara, lakini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake kwa ajili ya kulinda mazingira. Vijazo vya rangi ya jino vimeenea sana siku hizi. Uliza ni kipi utakachotiwa na bei yake. Tazama jinsi lugha inavyobadilika hapa: jino si mmea tena, sasa ni nyumba au chungu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui kama kuna mahali ambapo methali hiyo ni kweli zaidi kuliko kinywani.

La nne, ambalo fundi wangu hakulijua, ni kutibu mzizi. Uozo ukifika kwenye kiini, kuziba peke yake hakutoshi, lakini si lazima jino liondoke. Daktari hulitoboa taji kwa juu, akakitoa kiini kilichoambukizwa, akasafisha vijia vilivyo ndani ya mizizi kwa visindano vyembamba, kisha akavijaza kitu kama mpira kitokanacho na utomvu wa mti. Kazi hii huweza kumalizika kwa siku moja au kuhitaji safari mbili tatu. Kwa kuwa gego lililotibiwa hivyo huwa rahisi kuvunjika, aghalabu huvishwa kofia ya kulikinga. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kung'oa, na hilo halifichiki. Lakini mwenye kupima bei hana budi kupima pia bei ya pengo: meno ya jirani huanza kuinama kuelekea nafasi iliyo tupu, na lile la upande wa pili, likikosa la kukutana nalo, huweza kushuka au kupanda kupita kimo chake. Meno ya mbele yakitoka, hata matamshi hupata kasoro, kwani ili kutamka f na v tunahitaji meno ya juu yauguse mdomo wa chini, na katika th na dh ncha ya ulimi hutegemea meno hayo hayo. Meno ya bandia husaidia, lakini jino la pembe si dawa ya pengo.

La tano ni kung'oa kwenyewe. Zipo nyakati ambapo ndiyo njia iliyo sahihi: jino limevunjika hadi chini ya ufizi, mfupa unaolishika umeliwa na maradhi ya fizi, au gego la mwisho limeota kombo na kuleta uvimbe kila mara. Kwanza huchomwa sindano ya ganzi. Na hapa tutofautishe maneno mawili: ganzi huufisha sehemu moja ya kinywa ilhali mgonjwa yu macho, nusukaputi humlaza usingizi mzito, na hutumiwa kwa upasuaji mkubwa au kwa hali maalumu. Anayetiwa ganzi husikia kusukumwa na kuvutwa, hata sauti ya mfupa, lakini hapaswi kusikia maumivu makali. Akiyasikia, aseme ili aongezewe dawa.

Atasemaje naye amepanua kinywa? Patana na daktari kabla kwamba ukiinua mkono wa kushoto atasimama. Ni ishara ndogo, lakini humrudishia mgonjwa usemi aliopokonywa, na woga mwingi huyeyuka mtu anapojua kwamba anaweza kusema "basi" akasikizwa.

Sasa tugeukie matayarisho. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi mambo ambayo daktari hawezi kuyaona kinywani: kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, pumu, ujauzito, tabia ya kutokwa damu bila kukoma, dawa zote unazotumia, hasa zile za kuifanya damu iwe nyepesi, na dawa zinazokudhuru, kama vile penisilini kwa baadhi ya watu. Usiache dawa yoyote kwa shauri lako mwenyewe, mwulize aliyekupa. Iwapo utatiwa ganzi tu, kula kabla ya kwenda, maana njaa na woga vikikutana huzaa kisunzi. Iwapo ni nusukaputi, fuata kwa makini amri ya kutokula utakayopewa. Usinywe pombe ili kujipa ujasiri.

Wakati ukingoja siku yako, jihadhari na tiba za mkato. Mafuta ya karafuu hupunguza maumivu kwa muda, kwani karafuu ina kemikali yenye nguvu ya kutia ganzi, lakini hayaponyi uozo. Kidonge cha aspirini kikiwekwa ubavuni mwa jino huunguza ufizi. Aspirini ni ya kumezwa na yule anayefaa kuimeza. Nazo dawa za viuavijasumu zinunuliwazo kiholela huweza kutuliza uvimbe kwa siku chache huku chanzo kikiendelea kukaa pale pale.

Ufikapo, hakikisha kwamba anayekutibu amesajiliwa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya huweka daftari la wenye leseni, na kuliuliza si utovu wa adabu. Kisha, kabla ya kulala kitini, uliza maswali matano. Jino langu lina nini? Je, laweza kuokolewa? Kuna njia ngapi, na kila moja ina hatari gani? Itagharimu kiasi gani kwa jumla, na bima yangu italipa sehemu ipi? Nisipotibiwa leo itakuwaje? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa hutulia kitini na hufuata masharti baadaye.

Baada ya kung'olewa, uma kipande cha kitambaa safi ulichopewa kwa muda ulioambiwa, aghalabu nusu saa hadi saa moja. Damu iliyoganda ndani ya shimo ndiyo kifuniko cha jeraha, basi usisukutue kwa nguvu siku hiyo, usivute sigara, wala usinyonye kwa mrija. Baada ya saa 24 waweza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Midomo hubaki na ganzi kwa saa kadhaa, kwa hiyo wachunge watoto wasiitafune. Maumivu yakizidi siku ya pili au ya tatu badala ya kupungua, rudi. Damu isiyokoma, homa, uvimbe unaoenea, kushindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua ni mambo yasiyongoja kesho.

Watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha wana hoja, lakini si yote. Ni kweli kwamba mwenye mshahara wa kubahatisha hawezi kila mara kulipia matibabu ya mzizi. Lakini kusafisha na kuziba mapema ni nafuu kuliko yote yanayofuata. Zaidi ya kliniki za watu binafsi, pana hospitali za umma, na katika Barabara ya Argwings Kodhek Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno, ambapo wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Hata yule ambaye hatimaye atachagua kung'oa kwa sababu ya mfuko wake, achague akijua alichokiacha.

Kwa madaktari wetu nina ombi moja. Wengi wenu mwazungumza Kiswahili kitamu mnapopanda matatu au mnaponunua ndizi; msikivue mlangoni pamoja na koti la mvua. Andikeni kwenye vibao vyenu maneno haya manne, kusafisha, kuziba, kutibu mzizi na kung'oa, na bei zake mbele yake. Hamhitaji kamati ya istilahi kwa kazi hiyo, kwani maneno yapo tayari, na yule mama auzaye mboga chini ya orofa yenu atayasoma akipumzika.

Na kwako msomaji, kinywa ni chako na meno ni yako. Kuuliza si ujinga. Siku utakapopanda ngazi za kliniki, iwe Dagoretti Corner, Kawangware au kwingineko, uwe umekwisha kusema yote uliyo nayo kabla daktari hajakuambia, "Panua."